Picha ya Uso Inaharibikia Wapi?

MWANAIDI: Karibuni tena. Leo ni picha ya uso, ile ya kichwa na mabega unayotuma kwenye usaili wa filamu au unayoweka kwenye wasifu wako wa kazi. Kaka Tito, kinachoharibu nyingi ni nini?

TITO: Umbali, dada. Mtu ananyoosha mkono anajipiga selfi. Kwa sentimita 50 pua iko karibu mno na lenzi kuliko masikio, basi inavimba, masikio yanajificha. Halafu analaumu pua yake.

MWANAIDI: Si lenzi ya simu hiyo?

TITO: Lenzi pana inakuponza kwa kukulazimisha usogee tu. Kwanza kaa mita moja na nusu hadi mbili, ndipo utafute lenzi ya kuujaza uso kwenye fremu: milimita 85 mpaka 135 kwa kamera ya fremu kamili, ile yenye kihisi kikubwa cha milimita 36 kwa 24. Kwa simu, tumia kamera ya nyuma, weka ukuzaji wa 2x au 3x, mwombe mtu akupige, lenzi ikiwa usawa wa macho yako.

MWANAIDI: Na ule ukungu wa nyuma wanaoupenda wote?

TITO: Namba ya f ni upana wa tundu la lenzi: ikiwa ndogo, tundu ni pana na sehemu inayotoka wazi ni nyembamba. Ukifungua lenzi hadi f/1.8, jicho moja linaonekana wazi, la pili linalainika, masikio yanayeyuka. Mimi nabaki f/4 au f/5.6 na kulenga jicho la karibu. Ukitaka nyuma pafifie, anayepigwa asogee mita mbili mbele ya ukuta. Kivuli chake nacho hakitamfuata ukutani.

MWANAIDI: Asiye na studio?

TITO: Dirisha lisilopigwa na jua la moja kwa moja linatosha. Kaa mita moja hivi kutoka hapo, mwanga ukujie kwa pembe ya digrii 45, upande wa pili weka shuka jeupe au kadibodi nyeupe. Na tafadhali, zima taa za dari! Za juu kichwani zinachimba mashimo machoni, na zikiwa za njano, shavu moja linatoka buluu na jingine chungwa. Kuhariri hilo ni adhabu.

MWANAIDI: Nikipokea picha, mimi huyakuza macho kwanza. Nikikosa kile kinukta cheupe cha mwanga kwenye mboni, naomba irudiwe.

TITO: Wanafanya vizuri wanaokuogopa. Sasa ngozi nyeusi. Kamera inakadiria mwanga wa fremu nzima. Mweke mtu mweusi mbele ya ukuta mweupe, kamera inadhani pamezidi mwanga, inapunguza, uso unazama. Ukuta ukiwa mweusi, inazidisha, uso unapauka. Gusa uso kwenye kioo cha simu, kisha pandisha au shusha mwanga mwenyewe.

MWANAIDI: Paji likimeremeta, wengi wanashusha mwanga wote.

TITO: Na uso wote unaingia giza, mmeremeto uko palepale! Tanua chanzo badala yake: softiboksi kubwa, yaani sanduku la kitambaa linalolainisha taa, uisogeze karibu. Poda isiyong'aa, ya rangi yako hasa. Ikiwa nyeupe kuliko ngozi, picha inatoka na majivu. Miwani ikirudisha taa, inua miguu yake kidogo juu ya masikio ili vioo viiname.

MWANAIDI: Kidevu?

TITO: Hebu jaribu hapo ulipo. Sukuma paji lako kuelekea kamera... zaidi... sasa shusha kidevu kidogo.

MWANAIDI: Najisikia kobe.

TITO: Kwa ubavuni ndivyo unavyoonekana, nakuona. Kwa mbele, ule mkunjo wa chini ya kidevu umetoweka na taya limejichora.

MWANAIDI: Haya. Na mpigaji asiseme "tabasamu"! Tabasamu la kushikilia linaanza kufa machoni. Mwambie afumbe macho, atoe pumzi, afumbue kama aliyeitwa na mtu anayempenda. Piga hapohapo. Kwa sura nzito, mpe swali la kujibu moyoni, bila kusema.

TITO: Mwigizaji anahitaji zote mbili, ya uchangamfu na ya uzito. Ila hata akitafuta nafasi ya kuigiza polisi, asivae sare. Kola iliyonyooka inatosha kudokeza. Soko la Marekani lina kipimo chake, inchi 8 kwa 10, wima: kwa uchapaji wa nukta 300 kwa inchi, pikseli 2400 kwa 3000.

MWANAIDI: Ya kazi inakatwa duara kwenye LinkedIn, basi acha nafasi juu ya nywele. Ipunguze mpaka ukubwa wa ukucha. Kama bado unamtambua mtu, imefaulu.

TITO: Kuhariri, kanuni yangu ni fupi: kitakachoondoka wiki ijayo, ondoa. Chunusi, sawa. Kovu, kidoti na mwanya vinabaki. Waliokuita kwenye usaili wanaisubiri sura ile ya kwenye picha, wala hawana subira ya kukutafuta.

MWANAIDI: Umenyoa ndevu au umebadili nywele kabisa, je?

TITO: Piga nyingine. Na shati liwe la rangi moja. Mistari myembamba inafanya mawimbi ya ajabu kwenye kioo cha simu au kompyuta.

MWANAIDI: Lipigwe pasi, hasa kola. Huko ndiko wahariri wanakokesha.