Dipu ya matabaka yenye pilipili kwa siku ya mpira

Haya, karibuni jikoni. Mpira unaanza saa kumi na mbili jioni, wageni wameshasema wanakuja, na hakuna hata mmoja atakayekuja ameshiba. Leo hatupiki pilau. Tunatengeneza dipu ya matabaka: bakuli moja la kioo, maharage chini, nyama ya pilipili juu yake, kisha jibini, parachichi, maziwa ya mgando na kachumbari. Watu wanachovya kwa chapati kavu huku macho yako kwenye skrini, na wewe huna sahani za kuosha usiku.

Chakula hiki asili yake ni Texas, kule mpakani na Mexico, na Wamarekani hukila sana siku ya fainali ya mpira wao ule wa kubeba mikononi. Lakini hapa Kampala ukipita soko la Kalerwe au la Nakasero na kikapu chako utapata karibu kila kitu. Kitakachokuuma mfukoni ni jibini peke yake.

Kwa watu wanane hadi kumi, andaa robo kilo ya maharage, nusu kilo ya nyama ya ng'ombe ya kusaga, gramu 200 za jibini, maparachichi matatu makubwa, lita moja ya bongo (ndiyo hayo maziwa ya mgando), nyanya nne, vitunguu vitatu, kitunguu saumu, ndimu mbili, dhania, bizari nyembamba, giligilani ya unga, na pilipili. Kitu kitakachokuharibia kazi hapa ni maji. Kila hatua utakayoona, tunayafukuza.

Tunaanza usiku wa kuamkia mechi. Tandika kitambaa cheupe safi juu ya chujio, weka bakuli chini yake, mimina bongo yote, funika, ingiza kwenye friji. Asubuhi inakuwa hivi, nasogeza kamera mwone: chini yametuama maji ya rangi ya manjano hafifu, na kitambaani kumebaki mtindi mzito. Nachota kijiko, nakigeuza. Haudondoki. Bongo ukiimwaga kwenye dipu vilevile ilivyotoka kwenye kavera, yaani mfuko wake wa plastiki, kufika mapumziko bakuli lote limekuwa mchuzi.

Usiku huohuo roweka maharage. Mimi natumia Nambale, aina ya maharage mekundu, kwa sababu yanapondeka vizuri na rangi yake inapendeza kwenye kioo. Asubuhi mwaga maji ya kurowekea, weka mapya, na jamani, yachemke kwa moto mkali dakika kumi kamili kabla hujapunguza makaa. Maharage mekundu yakiwa mabichi yana sumu yake inayovuruga tumbo vibaya, na moto wa taratibu tangu mwanzo hauiui. Baada ya hapo yaache kwenye sigiri mpaka yalainike kabisa. Kaanga kitunguu, tia maharage na supu yake kidogo sana, ponda kwa mwiko. Ukipitisha mwiko katikati ya sufuria, njia ibaki wazi. Ikijifunga, endelea kukausha.

Sasa nyama. Sufuria iwe ya moto, mafuta kidogo, nyama ndani, usiongeze maji. Itatoa maji yake yenyewe, na hapa wengi huharakisha. Sikilizeni. Hii sauti ya kutokota maana yake maji bado yamo. Nasubiri... sasa inakaanga, inalia kavu, na chini inaanza kushika rangi. Ndipo natia kitunguu, saumu iliyopondwa, kijiko cha chai cha bizari nyembamba, kijiko cha giligilani, chumvi, na vijiko viwili vya nyanya ya kopo. Nyanya mbichi hapa hapana.

Pilipili. Watu hutoa mbegu wakidhani ukali umekaa humo, kumbe ukali wenyewe uko kwenye ule utando mweupe ulioshika mbegu. Ukitaka pilipili mbuzi itoe harufu bila kuchoma sana, kwangua utando huo kwa kisu. Kwa wageni nisiowajua vizuri naweka pilipili mbuzi mbili zilizokwanguliwa. Na kwa kuwa kila kundi la mpira lina jamaa yake anayejigamba kwamba yeye pilipili haimfanyi kitu, katakata kamulali, zile pilipili ndogo kali, weka kwenye kibakuli pembeni, ajihudumie. Kinachochoma kinayeyuka kwenye mafuta, kwenye maji hakiyeyuki, kwa hiyo akianza kutokwa machozi usimpe maji, mpe mtindi. Nawe nawa mikono kwa sabuni kabla hujagusa jicho.

Haya, tunapanga. Chukua bakuli la kioo ili matabaka yaonekane. Maharage yanatangulia kwa kuwa ndiyo mazito, yatabeba yote yajayo. Yasawazishe mpaka ukingoni. Nyama juu, ikiwa vuguvugu. Jibini lililokwaruzwa lifuate papo hapo: joto lile linaliyeyusha kidogo tu, likapoa likawa kama kifuniko kinachozuia mafuta ya nyama kupanda juu. Gouda inafaa sana. Sasa acha bakuli lipoe kabisa. Ukiweka parachichi juu ya nyama ya moto, hata mie sitakula.

Parachichi liponde kwa uma, usilisage kwa mashine, linapendeza likiwa na vipande vipande. Tia ndimu na chumvi. Parachichi hugeuka kahawia likikutana na hewa. Ndimu inachelewesha hilo, ila kinga ya kweli ni tabaka linalofuata. Pakaza mtindi juu yake mpaka uguse kioo pande zote, kusionekane kijani hata kidogo ukitazama kwa juu. Ukishamaliza hapo, bakuli linaweza kukaa kwenye friji saa kadhaa bila neno.

Kachumbari inangoja wageni wafike. Toa mbegu za nyanya na ute wake, kata vipande vidogo, changanya na kitunguu na dhania. Chumvi utie dakika ya mwisho, maana chumvi huvuta maji. Nyunyiza juu, basi.

Kuhusu cha kuchovyea: krispi za muhogo ni tamu lakini nyembamba, zinakatikia ndani. Gonja (ndizi mzuzu) ya kukaanga ina utamu wake, wapo wanaoipenda na pilipili, mimi simo. Mshindi ni chapati ya jana. Ikate pembetatu, ikaushe kwenye kikaango bila mafuta mpaka igonge. Inabeba matabaka yote sita bila kupinda.

Jambo la muda sasa. Chakula chenye nyama na maziwa kisikae nje ya friji zaidi ya saa mbili, na kwa joto la Kampala mimi hata hizo mbili sizimalizi. Mechi, dakika 90 na mapumziko na zile za nyongeza, inazikaribia hizo saa mbili. Kwa hiyo gawa dipu kwenye mabakuli mawili madogo: moja litoke wakiingia uwanjani, la pili libaki baridi mpaka mapumziko. Kama ni Ligi ya Mabingwa, zile mechi za saa nne au saa tano usiku, punguza pilipili nusu, watu wanakwenda kulala. Na Afcon ya 2027 si tumepewa kuiandaa pamoja na Kenya na Tanzania? Basi mabakuli ya kioo yanunuliwe mapema.

Kilichobaki kwenye bakuli la mezani, tupa. Ila maharage na nyama uliyoiacha sufuriani, ukiiingiza kwenye friji mapema, asubuhi ipashe mpaka itoke mvuke kabisa, kaanga mayai mawili, viringisha vyote ndani ya chapati.