Mirija ya Kaboni Ndani ya Saruji ya Mfupa

Mabibi na mabwana, polima, yaani vitu vya molekuli ndefu kama plastiki, zinazokubalika mwilini ni nyingi, lakini leo nitashughulika na moja tu: akriliki ambayo John Charnley alianza kuitumia nchini Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1950 kushikiza nyonga bandia, na ambayo hadi leo madaktari wa mifupa huiita saruji ya mfupa. Katika chumba cha upasuaji unga huchanganywa na kimiminika, mchanganyiko ukawa kinyunga, nao hujazwa ndani ya mfupa wa paja kabla haujaganda.

Udhaifu wake hauonekani siku ya kwanza. Mtu anayetembea huikandamiza saruji hiyo takribani mara milioni moja kwa mwaka, na ufa mdogo ulioanzia kwenye kitundu cha hewa, au kwenye kibonge cha baria salfeti iliyowekwa ili saruji ionekane kwenye eksirei, hurefuka kidogo kidogo hadi kiungo kinalegea. Hapo ndipo mirija nano ya kaboni, yaani mirija midogo mno iliyoundwa kwa atomu za kaboni, inapohitajika. Ukakamavu wake, yaani jinsi inavyokataa kunyooshwa, hufikia gigapaskali (kipimo cha ukakamavu) 1,000, ilhali chuma cha pua kina takribani 200 na akriliki hii haizidi sana 3. Tena, kwa kuwa ni myembamba mno, huweza kuuziba ufa ungali mchanga, ikishikilia kingo zake mbili zisiachane. Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Kentucky walionyesha kuwa mirija ya asilimia 2 tu ya uzito iliiongezea saruji uwezo wa kustahimili mizigo ya kujirudiarudia.

Hata hivyo, nguvu ya mrija peke yake haitoshi, na kwa maoni yangu hapa ndipo penye kiini cha kazi yote. Fundi ujenzi anajua kwamba nondo yenye mikunjo hushikana na zege kuliko nondo laini. Ukuta wa mrija wa kaboni ni laini kupindukia, na mirija yenyewe huvutana ikafanya mabonge. Bonge moja lisiloenea ndani ya akriliki huwa chanzo kipya cha ufa, hivyo kuongeza kiasi bila kukieneza ni kuidhoofisha saruji. Kwa sababu hiyo mirija huchemshwa katika asidi ya nitriki na ya salfuriki ili ipate vikundi vya kaboksili, yaani vifungu vidogo vya atomu kwenye ukuta wake, vinavyoshikana na polima, ingawa asidi ikizidi huikatakata na kuutoboa ukuta wake.

Suala la usalama haliwezi kuachwa kwa wengine. Mwaka 2008 ilibainika kwamba mirija mirefu, iliyonyooka, ikiingizwa katika tumbo la panya huleta uvimbe wa mwasho wa tishu unaofanana na ule unaoletwa na asbesto, madini yenye nyuzi yanayodhuru mapafu, ilhali mifupi iliyojisokota haikufanya hivyo. Na mwaka 2014 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka aina moja ya mirija yenye kuta nyingi (mrija ndani ya mrija) miongoni mwa vitu vinavyoweza kusababisha saratani. Mirija iliyofungwa ndani ya akriliki ngumu si sawa na vumbi huru, lakini saruji husagika. Kwa hiyo jaribio ninalodai litangulie mengine yote ni kuisugua saruji hii kama nyonga inavyoisugua, kukusanya chembe zinazotoka, na kuangalia kama mirija bado imeshikwa ndani yake au imechomoza mitupu.