Maumivu Sugu: Jinsi ya Kuishika Njia ya Akili na Mwili Bila Kuyumba

Karibu. Video hii ni yako wewe ambaye mgongo, shingo au bega limekuuma zaidi ya miezi 3. Umepimwa, umemeza dawa, umekandwa, na bado. Labda umeshasikia kwamba ubongo una mkono wake katika maumivu ya aina hii, ukaijaribu kidogo njia ya akili na mwili, yaani kuufundisha ubongo usiyaone maumivu hayo kama hatari, ukaacha. Tuanze upya, hatua kwa hatua. Ya tatu nitaikalia zaidi, maana wengi hukwama hapo.

Hatua ya kwanza: hakikisha daktari amekuona. Hapa sina mzaha. Kama huwezi kuzuia mkojo au choo, kama una ganzi katikati ya mapaja, au mguu unazidi kuishiwa nguvu, zima video hii uende hospitali sasa hivi. Maumivu yanayokuja na homa, kukonda bila sababu, yaliyoanza baada ya kuanguka, au ukiwa umewahi kuugua saratani, nayo yanahitaji daktari kwanza.

Akishakuambia hakuna la hatari, lipokee jibu hilo. Ripoti ya picha isikutie hofu. Mwaka 2015 ulichapishwa uchambuzi wa vipimo vya watu zaidi ya 3,000 wasioumwa mgongo hata kidogo. Wenye miaka 20, asilimia 37 walionekana na diski zilizochakaa, yaani vile vito laini vilivyo kati ya pingili za mgongo. Wenye miaka 80, asilimia 96. Na hawaumwi!

Hatua ya pili: elewa kinachoendelea. Maumivu yako ni ya kweli. Hakuna anayesema unaigiza. Ila maumivu yote, hata ya mfupa uliovunjika, yanatoka kwenye uamuzi wa ubongo kwamba kuna hatari. Mwaka 1995 jarida la kitabibu la Uingereza, British Medical Journal, lilieleza kisa cha fundi ujenzi wa miaka 29 aliyeruka akatua juu ya msumari wa sentimita 15. Msumari ukatoboa kiatu ukatokea juu. Kuugusa tu lilikuwa balaa, mpaka akapewa dawa kali za kutuliza. Kiatu kilipovuliwa, msumari ulikuwa umepita katikati ya vidole. Mguu mzima, hauna hata mkwaruzo. Lakini aliumia kwelikweli, kwa sababu macho yake yalishauambia ubongo kwamba mguu umetobolewa.

Katika maumivu sugu, jeraha linaweza kuwa lilishapona, ila mishipa ya fahamu imebaki na wasiwasi, kama mbwa wa ulinzi anayebwekea hata wenye nyumba. Chukua daftari, andika dalili zinazoonyesha hivyo kwako. Je, maumivu huhamahama? Hupungua ukiwa umezama kwenye mazungumzo matamu? Hupanda siku ya ugomvi au deni? Yalianza bila kuumia popote? Kila unachokiona, kiandike. Daftari hili utalihitaji.

Hatua ya tatu: shika njia hii. Mshika mbili moja humponyoka. Huwezi asubuhi kuuambia mwili uko salama, halafu usiku ukeshe ukitafuta mkanda mpya wa kiuno. Watu hudhani kuishika njia ni kuamini bila shaka yoyote. Mimi sioni hivyo. Shaka itakuwepo, iache ikae. Unachotakiwa kuacha ni ukaguzi: kule kuamka, kabla hujatoka kitandani, ukajigeuza kulia, ukajigeuza kushoto, kuona leo pako vipi. Ukaguzi huo ndio unaomwambia mlinzi kwamba mwizi yupo.

Kwa hiyo badilisha kipimo. Usijiulize "yamepungua?" Jiulize "leo nimefanya nini ambacho nilikuwa nakiogopa?" Kaa, nyanyua, tembea: hivyo ndivyo vya kuandika kwenye daftari.

Matumaini yapo, na yamepimwa. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, uliochapishwa mwaka 2021, uliwafundisha watu wenye maumivu sugu ya mgongo kuyaona maumivu yao kwa namna hii kwa wiki 4. Asilimia 66 walimaliza bila maumivu au karibu bila maumivu, dhidi ya asilimia 20 waliochomwa sindano ya maji ya chumvi tu, isiyo na dawa ndani yake, na asilimia 10 walioendelea na matibabu ya kawaida. Theluthi moja hawakufika huko, nalo ulijue.

Hatua ya nne: zoezi lenyewe. Kaa kwenye kiti kama mimi hivi. Tafuta maumivu yalipo. Usiyasukume, usiyabembeleze, yaangalie tu. Yanachoma au yanavuta? Yana mipaka? Yamehama kidogo? Jiambie: "Si raha, lakini si hatari." Sasa inama polepole kuelekea kamba za kiatu. Utajikuta umebana pumzi na kuuma meno. Tazama taya langu hapa, ndivyo linavyokaza. Legeza taya, toa pumzi, endelea kushuka. Ukifika unapoogopa, simama hapo kwa pumzi 2 au 3, kisha panda. Kesho shuka kidogo zaidi. Dakika chache kwa siku zinatosha. Hapa ubabe hausaidii.

Hatua ya tano: siku yatakapopanda. Yatapanda, wakati mwingine hata baada ya wiki nzuri kabisa. Usifute shughuli zote, na usijilazimishe pia. Punguza nusu, fungua daftari usome ulichoandika mwenyewe, rudia zoezi. Kama kuna hasira au msiba uliouficha moyoni, uandike kwa dakika 15 kisha uchane karatasi.

Kuhusu dawa, usiziache ghafla, hasa za kutuliza maumivu makali, za mishipa ya fahamu au za msongo. Zungumza na aliyekuandikia, mpunguze pamoja, taratibu. Na ikijitokeza dalili mpya kabisa, ambayo hujawahi kuwa nayo, rudi hatua ya kwanza: ukaonwe kwanza, zoezi baadaye.