Pacha wa Pili Yuko Wapi?

Ndugu zangu, karibuni. Leo tunaichambua kazi moja tu: pendekezo la mwaka 2023 la kuiandika upya draiva ya maikrokodi, yaani sehemu inayopakia marekebisho ya prosesa, katika kerneli ya Linux, ule moyo wa mfumo-endeshi, ambalo hatimaye liliingia katika toleo la 6.7.

Maikrokodi ni programu iliyo ndani ya prosesa yenyewe, chini ya kila kitu mnachokiandika. Pentium Pro ya mwaka 1995 ilikuja na uwezo wa kuirekebisha. Ila rekebisho halikai: ukizima mashine limepotea, na ni lazima lipakiwe tena kila unapoiwasha.

Mahali salama pa kulipakia ni mwanzoni kabisa, kabla programu nyingine hazijaamka. Taabu huanza kwa mwenye seva asiyetaka kuizima, anapolipakia mashine ikiwa kazini. Mwaka 2014 rekebisho la Intel liliondoa maagizo ya TSX, yanayosaidia nyuzi za programu kushirikiana kumbukumbu, katika prosesa za Haswell. Programu zilizokuwa zinakimbia zilishaiuliza prosesa zamani, zikajibiwa kwamba maagizo yapo. Zilipoyaita hazikuyakuta, zikafa palepale.

Sasa, ukiletewa viraka, yaani mabadiliko ya msimbo, vya namna hii uvikague, usianze na usafi wa msimbo. Uliza kwanza: pacha wa pili yuko wapi? Kiini kimoja cha prosesa huweza kuwa na nyuzi mbili, nami naziita mapacha kwa sababu zinatumia maikrokodi ileile. Mmoja akipakia, mwenzake lazima atulie kabisa. Draiva ya zamani ilimweka katika kitanzi cha kusubiri na kumzibia makatizo ya kawaida, yaani wito wa ghafla unaoiachisha prosesa kazi yake. Lakini yapo makatizo yasiyozibika, NMI. Yakija, pacha anaacha kusubiri na kutekeleza maagizo mengine wakati kiini kiko katikati ya matengenezo.

Draiva mpya inawaingiza mapacha wote ndani ya NMI kwa makusudi, kwa kuwa aliye ndani ya NMI hafikiwi na nyingine mpaka atoke. Niliposoma sehemu hiyo nilisimama, nikairudia mara tatu. Nikauliza tena: na pacha aliyeondolewa kazini na msimamizi? Kumbe hajazimwa, amelala tu, mara nyingi kwa MWAIT, agizo la kuilaza prosesa ikisubiri, na agizo hilo lenyewe linaweza kuguswa na rekebisho. Kazi hii imemhesabu naye. Mkaguzi asiyemtafuta huyo atapitisha draiva yenye hatari bila kujua.

Kuhusu yale ya TSX, kichwa cha faili la maikrokodi la Intel kimepewa sehemu inayotaja toleo la chini kabisa ambalo prosesa iwe nalo ndipo rekebisho lipakiwe ikiwa kazini. Msimamizi akiliwasha sharti hilo, faili lenye sifuri hapo linakataliwa.

Haya, fungueni sasa mahali tunapoandika kwenye rejesta 0x79, ile inayoiamuru prosesa ya Intel ipakie rekebisho. Tusome mstari kwa mstari.