FreeBSD uliyojijengea imegoma katikati ya kupandishwa: tuifufue pamoja

Jambo yenu wote, karibuni. Tazameni skrini hii kwanza. Nimeandika ls, ikajibu "Bad system call". Nimeandika ps, jibu lile lile. Hii ni mashini yangu ya kazi, hapa Lubumbashi, na aliyeifikisha hapa ni mimi mwenyewe jana usiku. Nilikuwa naipandisha FreeBSD, mfumo endeshi wake, kwenda toleo jipya, nikijenga kila kitu kutoka msimbo chanzo, nikaona usingizi unanizidi, nikaruka hatua moja. Nitawaonyesha ni ipi.

Kabla hujagusa kitu, jiulize: imekufa ikiwa hatua gani? Kernel ni kiini cha mfumo, world ni programu na maktaba zake, na etcupdate husasisha mafaili ya /etc. Mpangilio ni huu: make buildworld, make buildkernel, make installkernel, kuzima na kuwasha, etcupdate -p, make installworld, etcupdate -B. Kama imekufa kabla ya installworld, unaweza kurudi nyuma. Kama installworld imeshaanza, usirudi nyuma, songa mbele uimalize. Wengi wanaharibu mashini kwa kuchanganya hayo mawili.

Tuanze na wale ambao buildworld imewakatalia. Nyie tulieni, hakuna kilichoharibika. Kila kinachojengwa kinaingia /usr/obj, na mfumo unaoutumia haujaguswa. Shida ni kwamba mnasoma mstari wa mwisho. Ukijenga kwa -j4, kazi nne zinaandika kwa pamoja, na kosa lenyewe limepita zamani, juu huko. Kwa hiyo jenga hivi:

script /root/jenga.log make -j4 buildworld

Ikikwama, andika grep -n "error:" /root/jenga.log | head. Lile la kwanza ndilo kosa, mengine ni wafuasi wake. Kama halionekani, rudia make bila -j, litajitokeza peke yake mwishoni.

Ukikuta neno "Killed", angalia dmesg: kumbukumbu imeisha. Kujenga Clang na LLVM, yaani kikusanyaji cha msimbo, kunakula RAM vibaya, na mashini ya giga 4 haiwezi kulisha kazi nane kwa wakati mmoja. Shusha hadi -j2, au ongeza swapu (sehemu ya diski inayosaidia RAM), kisha nenda ukasonge bukari yako, itachukua muda.

Ukikuta "signal 11", yaani programu imegusa kumbukumbu isiyo yake ikafa, ijenge tena bila kubadilisha chochote. Ikifia pale pale, kagua /etc/make.conf na /etc/src.conf, au msimbo wenyewe. Ikifia mahali tofauti kila mara, acha kulaumu msimbo. Ni RAM mbovu, au joto. Hapa kwetu mwezi wa kumi, mvua bado haijashika na vumbi jekundu limejaa kwenye feni, nimeponya signal 11 kwa brashi ya rangi na nusu saa ya kusafisha.

Na saa! Andika date. Umeme ukikatika na ile betri ndogo ya CR2032 kwenye ubao imekufa, mashini inaamka ikidhani tuko miaka mingi nyuma. Make inaamua nini kijengwe kwa kulinganisha muda wa mafaili, kwa hiyo itakufanyia vituko. Rekebisha saa ndipo uendelee.

Sasa wale ambao kernel mpya haiwaki. Kernel ya zamani ipo, iko /boot/kernel.old. Kwenye menyu ya kuwashia bonyeza Escape, utapata OK, andika:

boot kernel.old

Hapa ndipo kibodi zetu za AZERTY, zile za Kifaransa, zinapotuaibisha. Kwa kawaida kwenye OK mashini inasoma kibodi kama QWERTY ya Kimarekani. Bahati nzuri herufi zote za boot kernel.old ziko mahali pamoja kwenye kibodi zote mbili, isipokuwa ile nukta. Bonyeza kitufe cha nukta mbili (:), bila Shift. Mtu wangu mmoja alikaa hapo mpaka saa nane za usiku akiapa kwamba diski imekufa, kumbe ni nukta.

Jihadhari na hili: ukifanya installkernel mara ya pili, ile kernel mbovu inaweza kuwa ndiyo kernel.old, na ile nzima ikawa imekwenda. Mimi kabla ya yote hufanya cp -R /boot/kernel /boot/kernel.heri. Kwa nini "heri"? Haina a, haina m, haina z wala w.

Turudi kwa mgonjwa wetu. Nilichoruka ni kuzima na kuwasha baada ya installkernel. Nikamwaga programu mpya juu ya kernel ya zamani. Kernel mpya huzielewa programu za zamani, lakini programu mpya zinaiomba kernel ya zamani vitu isivyovijua, ndiyo maana ya Bad system call. Kwa hiyo hapa kernel.old ni sumu. Nazima kwa kitufe, nawasha, kwenye menyu nabonyeza 2, hali ya mtumiaji mmoja. Inauliza shell, nabonyeza Enter. Kama /bin/sh nayo imevunjika, andika /rescue/sh. Vilivyo ndani ya /rescue havitegemei maktaba yoyote, vimewekwa kwa siku kama hii.

Diski yangu inatumia mfumo wa mafaili wa UFS, kwa hiyo:

mount -u /
mount -a -t ufs
swapon -a

Kwenye AZERTY, m ni kitufe cha koma, a ni kitufe cha Q, na kistari ni kitufe kinachofuata sifuri. Polepole tu. Zikishakaa, andika kbdcontrol -l fr upate kibodi yako. Halafu adjkerntz -i, kama saa ya BIOS inafuata saa ya hapa. Lubumbashi iko mbele ya UTC kwa saa 2, usipoiambia itaandika mafaili ya saa ambayo bado haijafika.

Sasa:

cd /usr/src
make installworld

Mnaona inavyotiririka? Haijali kwamba ilikatwa katikati, inaandika juu ya vilivyopo. Hata umeme ukiwa ndio ulioikata, dawa ni hii hii. Imekwisha. etcupdate -B, halafu reboot.

make delete-old-libs msiikimbilie. Kama mmevuka toleo kubwa, kwanza pkg-static upgrade -f, la sivyo programu zenu zitakosa maktaba.

Imewaka. Naandika freebsd-version -kru. Mistari mitatu, yote inafanana. Inverta imeanza kulia, naacha hapa.