Nimefuata paredi Owen Sound, nimekuta watu wanakula

Mambo vipi wadau, na wazee wote mnaoniangalia shikamooni. Leo sipo Toronto, nipo Owen Sound, kamji kadogo huku Kanada kwenye ghuba ya Georgian Bay, nimeendesha masaa mawili na nusu njia nzima mashamba tu. Wanasherehekea Siku ya Ukombozi, yani ile sheria ya Waingereza ya kukomesha utumwa iliyoanza kazi tarehe 1 Agosti 1834.

Sasa mi nikajua ni paredi bana, nimechaji betri tatu za kamera, kitenge nimepiga pasi, maana nilisoma Windsor kule mpakani na Marekani zamani walikuwa na paredi la maana, watu wanavuka mto kutoka Detroit kuja kuliangalia. Nafika hapa Harrison Park nakuta watu wamekaa kwenye viti vya kukunja, wanakula zao. Bibi mmoja kaniangalia weee, akaniuliza we wa ukoo gani? Nikamwambia bibi mi wa Tanga. Akanipa sahani.

Kumbe ndo ilivyo tangu 1862, pikniki. Yani hebu pigeni hesabu, mwaka huo soko la watumwa pale Mkunazini, Unguja, bado liko wazi, limekuja kufungwa 1873, na huku kuna watu wameshatoroka Marekani wamefika mpaka hapa, mbele yao maji tu, wametandika nguo chini wanakula na watoto wao. Na hata mpiga mbiu wa mji enzi hizo, John Hall, alikuwa mtu aliyetoroka utumwa.

Cheki hapa nyuma yangu, huu mnara wa mawe umejengwa 2004, haya madirisha ni ya kanisa lao la zamani. Chini kuna vigae vina michoro ya kwilti, zile shuka za viraka, wanasema zilikuwa alama za siri za njia ya kutoroka utumwa, wanahistoria wengine wanakataa kabisa, mi simo, ila ni nzuri.

Kilichonichekesha, bunge la Kanada limekuja kuitambua siku hii 2021. 2021 jamani! Wenzao walishakula pikniki zaidi ya miaka 150 bila kumsubiri mtu.

Haya ngojeni, bibi ananiita, anasema pai inaisha.