Soma hali ya jua kabla hujawasha redio

Haya wakuu, karibuni. Leo tunatabiri jua litaifanya nini redio yetu ya masafa mafupi. Fungua ukurasa wa SWPC, kituo cha Marekani cha utabiri wa hali ya anga za juu, kipo Boulder, Colorado. Ni bure. Kufungua ukurasa sifundishi, twende.

Kwanza F10.7, yaani nguvu ya mawimbi ya redio yanayotoka kwenye jua, inapimwa kila siku Penticton, Kanada. Ikiwa karibu na 70, jua limelala, bendi ya mita 10 kimya. Ikivuka 150, hata kamba ya kuanikia nguo inaongea na Japani. Natania. Waya wa maana ni huu ninaouza mimi, maelezo yapo chini ya video.

Sasa jedwali la siku 3 la Kp, kipimo cha msukosuko wa sumaku ya dunia. Kp inaanzia 0 hadi 9. Ikifika 5 ni dhoruba ya sumaku daraja la G1, ikifika 9 ni G5, kama ile ya Mei 2024, ya kwanza tangu Oktoba 2003. Subirini, skrini inameta, hamuoni kitu. Nisogee kivulini... Sasa? Haya.

Hapa tulia. Saa hizi ni UTC, saa ya kimataifa. Siyo zetu! Ongeza 3. Mstari wa 18-21 unaanza saa tatu usiku. Na huu wa 21-00 wa tarehe 10 ndio mtego: kwetu ni saa sita usiku, tarehe 11 imeshaingia. Ukisahau, utakesha usiku ambao siyo. Narudia, UTC, ongeza 3, halafu angalia na tarehe.

Hata hivyo, Kp ya kesho mimi siiamini sana. Wale wa Boulder wanaliona wingu la gesi yenye sumaku likitoka kwenye jua, nalo huchukua siku moja hadi tatu kufika. Wasichokijua mapema ni sumaku yake imeelekea wapi. Hilo linapimwa na setilaiti iliyo kilomita milioni 1.5 kutoka kwetu, upande wa jua. Ikishapima, umebakiwa na dakika 15 hadi 60.

Fungua chati ya upepo wa jua, fuata mstari mwekundu, Bz. Ukishuka chini ya sifuri ukang'ang'ania huko, sumaku imeelekea kusini, dhoruba inaingia. Ukikaa juu, hata wingu kubwa huweza kupita bila kishindo. Angalia alama ya kutoa! Kumi na kutoa kumi ni mbingu na ardhi.

Eh, hebu oneni, hapa mstari umekatika. Msiseme hali shwari. Data hazijafika, basi. Onyesha upya ukurasa, usubiri.

Za mwisho ni flea, yaani milipuko ya jua. Hizi hazipigi hodi: mwanga wake unafika kwa dakika 8, na redio inazimika upande wenye mchana. Sisi jua la saa sita linakaa utosini, kwa hiyo tunapigwa vibaya. Bendi ikifa ghafla adhuhuri, usikimbilie kupanda bati kukagua antena. Angalia chati ya eksirei kwanza. Ikigusa X1, yaani mlipuko mkubwa, hiyo ni R3 kwenye madaraja ya kuzimika kwa redio, kanywe chai. Ukirudi, jaribu mita 10 kwanza, masafa ya juu ndiyo huamka mapema. Mita 40 itachelewa.